Mzee Si Maktaba

Katika makongamano ya utamaduni, kwenye hotuba za wageni rasmi na kwenye maombi ya fedha za miradi, kuna usemi usiokosekana: mzee akifa, maktaba imeteketea. Chimbuko lake ni maneno ambayo mwandishi wa Mali, Amadou Hampâté Bâ, aliyatoa UNESCO mwaka 1960, na tangu hapo yametembea sana hata wengi wanadhani ni methali ya kwao. Mkoani Tanga nako yamefika. Ikitajwa historia ya Wazigua, Wasambaa au Wabondei, haichukui muda mtu kulalamika kwamba wazee wanakwisha, vijana hawasikilizi, simu zimewapumbaza, na dawa ni moja tu: kinasa sauti kiwahi kabla ya jeneza.

Usemi huo umebeba heshima, na ndiyo maana haupingwi. Nani atasimama ukumbini aseme wazee si lolote? Hampâté Bâ mwenyewe alikuwa na vita ya haki, kwani aliwajibu wale walioamini kwamba jamii isiyoandika haina historia. Lakini kauli iliyofaa kuwanyamazisha wenye dharau imegeuzwa kuwa maelezo ya namna binadamu anavyokumbuka, na hapo imepotoka. Inamfanya mzee kuwa ghala. Habari ziliingizwa humo zamani, zinakaa zilivyo, na siku akizikwa zinazikwa naye. Ushahidi uliopo, tena mwingi ukiwa umbali wa nauli ya basi kutoka Korogwe mjini, unasema vingine. Kinachotunza kumbukumbu ni desturi zinazomlazimisha mtu akumbuke mbele ya mwingine, hasa mwingine mwenye sababu ya kumbishia.

Lawama dhidi ya vijana ndiyo nyepesi kuliko zote, na jibu lake linapatikana kwenye kijiwe chochote cha bodaboda Manundu, kata iliyo ndani ya mji wa Korogwe. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 ataeleza, bila kushika simu, kwamba Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6-0 na Abdallah Kibadeni akapachika matatu. Mwenzake wa kijani na njano hatamwacha amalize. Atamrudisha Juni 1968, Yanga iliposhinda 5-0 na Simba bado inaitwa Sunderland. Wa kwanza atajibu kwa zile 5-0 za Mei 2012. Wa pili anazo 5-1 za Novemba 2023, na hizo anazisema taratibu ili zimwingie mtu vizuri. Hakuna kati yao aliyekuwepo uwanjani mwaka 1968. Hakuna aliyefundishwa darasani, wala hakuna mfadhili aliyetoa fedha ili mashabiki wa zamani wahojiwe kabla hawajafa. Matokeo ya 1968 yamedumu zaidi ya nusu karne kwa sababu kila upande una mtu wa kuukumbusha usichopenda kukumbushwa.

Watu wanaosema kizazi hiki hakina kumbukumbu wangekaa hapo saa moja. Kumbukumbu ipo, tena kali. Imekwenda mahali inapodaiwa.

Timu hizo mbili huitwa watani wa jadi, na mpira haukuanzisha desturi hiyo, uliirithi. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, alipata nafasi katikati ya ndege wake kuandika makala kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika, zikachapishwa miaka ya 1940. Miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya maelezo mapana zaidi ya utani nchini. Kinachojitokeza katika kazi za namna hiyo ni kwamba utani mwingi una mizizi katika vita vya zamani na katika misafara ya biashara kati ya bara na pwani. Waliopigana, au waliopitiana njiani kwa miaka mingi, waliishia kupewa ruhusa ya kutukanana bila kukasirikiana, na wajibu wa kuzikana.

Anayejua msiba wenye watani anajua kazi inayofanyika pale. Mtani anavaa shati la marehemu na kuiga mwendo wake. Anaficha jembe la kuchimbia kaburi mpaka alipwe. Anawakumbusha wafiwa kwamba babu zao walikimbia vitani wakaacha hata viatu, na wafiwa, machozi yakiwa hayajakauka, wanalazimika kutafuta jibu. Ili ujibu lazima ujue. Na usipojua, shangazi aliyekaa nyuma atakudokeza, kwa sababu aibu ni ya ukoo mzima. Hiyo ni historia inayofundishwa bila mwalimu, mbele ya mashahidi wa pande mbili, na nusu ya kila kisa imeshikwa na upande wa pili. Mzee mmoja akifa katika mpangilio huo, kinachopungua ni sauti moja katika mabishano yenye sauti nyingi.

Korogwe ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili, kwa sababu wakazi wake wengi ni uzao wa watu waliofika bila wazee. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902. Mkonge ulikuwa umekwisha kuletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yake yakatapakaa kandokando ya reli. Yalihitaji mikono kuliko iliyokuwepo. Wakaja manamba: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, na wengine kutoka Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda hata ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU. Wengi walikuwa vijana wa kiume, na kilichohesabiwa ofisini ni siku zilizotiwa alama kwenye kipande, si nasaba ya mtu.

Kwa hesabu ya maktaba, watu hao walifika mikono mitupu. Wazee walibaki Tabora na Kigoma. Lakini utani haukubaki. Mtu aliyefia ugenini aliweza kuzikwa na watani wake, na kuzikwa na mtani maana yake ni kutajwa kabila, kutajwa ulikotoka, na kusemwa kwa maneno ambayo mgeni asiyekujua hawezi kuyasema. Kambi ya vibarua iliweza kubeba kumbukumbu za nchi nzima bila kuwa na mzee mmoja wa kuzisimulia kwa utaratibu.

Mfano mzito zaidi uko wilayani Handeni, nao ulizungukia Somalia kabla ya kurudi nyumbani. Katika karne ya 19, njaa na biashara ya utumwa viliwang'oa Wazigua wengi, pamoja na Wasambaa, Wayao, Wamakua na wengine, wakavushwa kutoka pwani ya Mrima na Zanzibar hadi bandari za Benadir: Barawa, Marka, Mogadishu. Huko waliuzwa wakalime mashamba ya bonde la Shebelle. Wazigua hawakutulia. Walitoroka wakaelekea kusini, na masimulizi yao yanamtaja kiongozi na mganga aitwaye Wanakhucha. Nia ilikuwa kurudi Uzigua. Waliishia kwenye misitu ya mto Juba, sehemu iliyokuja kujulikana kama Gosha, wakafyeka, wakalima, na waliposhambuliwa wakapigana.

Hebu mtu wa maktaba aeleze kilichofuata. Watu hawa hawakuwa na historia yao iliyoandikwa. Makaburi ya mababu yalikuwa mbali nao kwa nchi nzima. Waliovushwa kwa majahazi walikufa wote, watoto wao wakafa wote. Wakaja Waitalia na kazi za kulazimishwa mashambani, nao wakaondoka. Likaja taifa la Somalia lenye lugha moja ya taifa na lisilo na haja ya kusikia habari za Handeni. Maktaba ziliungua kizazi baada ya kizazi. Na bado, vita vilipoipasua Somalia mwaka 1991 na watu wa Juba wakakimbia, baadhi yao walioingia Tanzania na kupokelewa katika kambi ya Mkuyu, Handeni, walijitambulisha kuwa ni Wazigua waliorudi kwao, na walisema hivyo kwa Kizigua ambacho wenyeji walikielewa.

Wenzao waliokwama katika kambi za Dadaab nchini Kenya walipata njia nyingine. Marekani ilikubali kuwapokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, wakahamishiwa kwanza Kakuma mwaka 2002, na mwaka uliofuata safari zikaanza. Ndiyo sababu kamusi ya Kizigua cha Somalia imetungwa Boise, katika jimbo la Idaho, wasemaji wa lugha hiyo wakishirikiana na wataalamu wa chuo kikuu cha mji huo.

Nini kiliishikilia kumbukumbu hiyo? Hapa kuna ulinganisho ambao hata mtafiti asingeweza kuupanga vizuri zaidi. Katika bonde hilohilo la Juba, sehemu za juu kidogo, waliishi watu wengine waliotokana na utumwa uleule. Mwanaanthropolojia Catherine Besteman, aliyekaa nao miaka ya 1980, alikuta wameingia katika koo za Kisomali, wanazungumza lugha ya eneo hilo, na kwa wengi wao asili ya kusini imefifia kabisa. Wazee walikufa pande zote mbili, kwa kasi ileile, katika karne ileile. Matusi nayo yalikuwa yaleyale: wote waliitwa jareer, wenye nywele ngumu, na adoon, watumwa. Tofauti ilikuwa katika maisha ya kila siku. Wazigua wa Juba ya chini walikaa katika vijiji vyao wenyewe, wakashika ukoo wa upande wa mama, na wakaendelea kuwatia mabinti unyago ambamo lugha na asili havikuwa somo bali sharti la kuingia.

Francesca Declich wa Italia, aliyewachunguza Wazigua na Washambara wa Juba (ndiyo, Wasambaa nao wamo, kwa jina lililopinda kidogo), aliongeza jambo ambalo watu wa vinasa sauti wangelisoma mara mbili. Alionyesha kwamba wanaume na wanawake husimulia historia hiyo kwa namna tofauti. Kila upande una matukio yake na watu wake wa kuwapa uzito. Mtu akimrekodi mzee mmoja wa kiume, hata awe na akili timamu kiasi gani, amechukua upande mmoja wa mazungumzo na kuuita historia ya Wazigua.

Mtetezi wa maktaba ana jibu, na halipaswi kupuuzwa. Atasema lugha na asili ni mambo mapana. Yanaweza kubebwa na umati. Lakini matukio kamili, majina, mpangilio wa watawala, nani alimpindua nani, hayo yanahitaji kichwa cha mjuzi. Basi twende milimani.

Habari za utawala wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, zimeandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi miongoni mwao, na kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilipigwa chapa na wamisionari wa Kianglikana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kikatolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J. W. T. Allen. Kinaanza na Mbegha: mtoto kigego aliyeota meno ya juu kwanza, mwindaji aliyekimbia kwao Unguu, akawagawia watu wa milimani nyama ya nguruwe mwitu, akaua simba, akafanywa mtawala Vugha. Mwanahistoria Steven Feierman alipofanya utafiti Usambara katika miaka ya 1960 alikusanya masimulizi mengi ya kisa hicho, na hakukuta nakala moja iliyohifadhiwa mahali pamoja. Alikuta kisa kilichojengwa kwa jozi zinazopingana, mwindaji na mkulima, nyama na wanga, pori na kijiji, na jozi hizo ndizo zinazokifanya kikumbukwe na kimaanishe kitu. Kinaeleza kwa nini mgeni alistahili kutawala. Ndiyo maana kilisimuliwa: utawala ulikuwa na watu wa kuuhoji.

Abdallah mwenyewe hakuandika akiwa ametulia juu ya mabishano. Mtawala Kimweri ye Nyumbai alikufa mwaka 1862, na kifo chake kikawagonganisha mjukuu wake Shekulwavu, aliyekalia kiti Vugha, na mwanawe Semboja, aliyejijenga Mazinde, tambarare, kwenye njia ya misafara, palepale ambapo leo mabasi ya Moshi na Arusha hupita kwa kasi. Habari za Wakilindi ni kitabu cha mtu aliyeishi ndani ya ugomvi huo. Thamani yake inatokana na hilo. Asingekuwa na pande za kuzipima, angebaki na orodha ya majina.

Na pale ambapo hakuna wa kubisha, majina huanguka. Kisa kinachojulikana sana kinatoka Gonja, kaskazini mwa Ghana. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliandika kwamba mwanzilishi wa dola hiyo, Jakpa, alikuwa na wana saba, kila mmoja mtawala wa jimbo lake. Miaka 60 baadaye masimulizi yalirekodiwa tena, na wana wakawa watano. Katika kipindi hicho majimbo mawili yalikuwa yamefutwa. Hakuna mzee aliyedanganya. Hakuna maktaba iliyoungua. Wana wawili walikosa wajukuu wa kudai kiti, na kwa hiyo wakakosa mtu wa kupaza sauti wasipotajwa.

Upande wa pili wa usemi wa maktaba ni ule unaodai kwamba Mwafrika, kwa kuwa hakuegemea maandishi, amejaliwa kumbukumbu ya ajabu. Ni sifa tamu na watu huipokea. Frederic Bartlett wa Cambridge, ambaye kitabu chake cha 1932 ni mojawapo ya misingi ya saikolojia ya kumbukumbu hadi leo, aliisikia sifa hiyo kusini mwa Afrika akaamua kuipima. Huko Swaziland, nchi ambayo sasa ni Eswatini, alikutana na mchungaji aliyeweza kutaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, mmoja mmoja, rangi, alama, muuzaji na bei, na alipolinganishwa na daftari la mwenye mali alikosea mambo mawili madogo tu. Ajabu, kweli. Lakini Bartlett alimpa pia kijana wa Kiswazi ujumbe wa kawaida aupeleke ng'ambo ya pili ya kijiji, na kijana akaudondosha kama ambavyo kijana wa Kiingereza angefanya. Ng'ombe walikuwa mahari, heshima na kesi za kijijini. Ujumbe wa mzungu haukuwa kesi ya mtu.

Sylvia Scribner na Michael Cole walifika hapohapo kwa njia nyingine, miongoni mwa Wavai wa Liberia. Waliosoma chuo cha Kurani walishinda wengine katika zoezi la kukumbuka orodha inayoongezwa neno moja kila mzunguko, ambavyo ndivyo aya zinavyohifadhiwa: ya jana kwanza, kisha ya leo. Katika mazoezi mengine ya kumbukumbu hawakuwazidi. Mwalimu yeyote wa madrasa Korogwe au Handeni angewaambia bila kuomba fedha za utafiti kwamba mwanafunzi anayehifadhi juzuu nzima bado anaweza kusahau alikoacha kandambili zake. Akili haipewi nguvu ya jumla ya kukumbuka. Hupewa mazoea, na mazoea hutoka kwa watu wanaomsikiliza mtu na kumkosoa pale anapokosea herufi.

Hata kumbukumbu ya mtu binafsi, ile anayoiona kuwa yake peke yake, imepitia mikono hiyo. Watafiti wa New Zealand waliuliza watu wazima kumbukumbu yao ya kwanza kabisa ya utotoni. Wamaori walirudi nyuma hadi kabla ya kutimiza miaka mitatu, wastani wa miezi kama 33. Wazungu wa nchi hiyohiyo walianzia kwenye miaka mitatu na nusu. Katika jamii ya Kimaori, asili na kuzaliwa kwa mtu ni habari inayosimuliwa mbele ya mtoto tangu mdogo. Aliyesimuliwa mapema alijifunza kukumbuka mapema.

Makarani wa sensa wa Tanzania wanalijua hili pengine kuliko wahadhiri. Bibi asiyejua mwaka aliozaliwa hasukumwi akumbuke zaidi. Anaulizwa kwa kalenda ya matukio: Uhuru ulikukuta umeolewa? Azimio la Arusha? Mtoto wa kwanza alikuwa anatembea wakati wa vita vya Kagera? Na bibi anajibu papo hapo, kwa uhakika, kwa sababu matukio hayo yameongelewa mbele yake maisha yake yote, huku tarehe yake ya kuzaliwa haijawahi kudaiwa na mtu hadi siku hiyo.

Je, mzee hana kitu anachokwenda nacho? Anacho. Mganga aliyeificha dawa yake hata kwa watoto wake amezikwa nayo. Shahidi pekee wa mpaka wa shamba anapokufa, baraza la ardhi linajua hasara yake. Lakini tazama mifano yenyewe: ni siri na upweke. Ni habari ambazo hazikuwa na msikilizaji. Maktaba ya Hampâté Bâ inaungua kweli pale tu ambapo jamii ilikuwa imekwisha kuacha kuuliza, na moto wenyewe ulianza miaka mingi kabla ya mazishi.

Hapo ndipo miradi ya kurekodi wazee inapokosea, pamoja na nia njema yote. Kijana anatumwa na kamera. Mzee anaketishwa peke yake sebuleni, redio inazimwa, watoto wanafukuzwa, na swali linakuja: tueleze historia ya kabila letu. Mzee, kwa adabu, anatoa toleo safi lisilomuudhi mtu. Hakuna mtani wa kucheka, hakuna binti wa ukoo wa upande wa pili wa kusema siyo hivyo mjomba, hakuna mpwa mwenye madai ya shamba. Ni mazingira mabaya kuliko yote ya kupata kumbukumbu, yakifuatiwa na faili linalohifadhiwa mahali ambapo hakuna atakayelibishia. Mwenye fedha za kurekodi Korogwe angepata zaidi kwa kuwaalika Mzigua na Mnyamwezi wenye utani, au nyumba mbili za Kikilindi zisizokubaliana kuhusu Semboja, akaacha kamera iwake wakati wanagombana. Na halmashauri inayotaka watoto wajue historia ya mji ingepata zaidi kwa shindano la shule na shule kuhusu mkonge na reli, lenye matokeo ya kujivunia na kuchekana mwaka mzima, kuliko kwa kitabu kimoja zaidi cha kuzinduliwa na mgeni rasmi.

Hoja hii ina mahali pa kujaribiwa, na jaribio limekwisha kuanza. Wazigua waliotoka Juba walihamishiwa makazi ya Chogo, wilayani Handeni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakapewa ardhi ya kulima, na hadi mwaka 2014 zaidi ya 1,500 kati yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Watoto wao wanasoma kwa Kiswahili. Hakuna anayewaita adoon. Majirani ni Wazigua wenzao, na unyago si tena mlango wa kijiji kilichozungukwa na wageni. Ikiwa nadharia ya maktaba ni sahihi, kumbukumbu ya Shebelle, Wanakhucha na msitu wa Gosha iko salama zaidi Handeni kuliko ilivyowahi kuwa, kwa kuwa waliovuka bado wapo na wanaweza kurekodiwa kwa utulivu. Ikiwa kinachotunza kumbukumbu ni watu wa kuidai, basi hatari kubwa kwa habari za Juba imeanza leo, katika amani, wazee wakiwa hai, kwa sababu mtoto wa Chogo akisema yeye ni Mzigua hakuna wa kumuuliza athibitishe.

Isipokuwa watani. Nao, kwa kawaida ya Handeni, hawatachelewa kumuuliza babu yake alipotelea wapi miaka yote hiyo.